Maisha ya Imam Ghazali na Mafundisho Yake juu ya Mali na Saada



Katika darsa yetu huzuka mara kwa mara swali moja: je, mali huleta furaha? Wako wasemao kwamba asiye na mali hana raha wala heshima, na wako wawajibuo kwamba mali ni uchafu, na kwamba Muislamu mwema ni lazima awe fukara. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea, wala hatudhani kwamba ubishi wa maneno utawapatanisha. Jawabu iliyo bora ni maisha ya mtu aliyeonja yote mawili, wingi na uchache, kisha akakaa akayapima kwa mizani ya dini. Kwa sababu hiyo tumependa kuwaeleza ndugu zetu khabari za Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Imam Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na mwaka 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khorasan, ambao magofu yake yako karibu na mji wa Mashhad katika Iran ya leo. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa mtu maskini aliyesokota sufi na kuiuza dukani kwake, na kwamba hakula ila jasho la mikono yake. Alipokuwa na nafasi alipenda kukaa katika majlisi za wanavyuoni, akalia na kumwomba Mungu amruzuku mtoto atakayekuwa mmoja wao. Alipohisi kifo kinakaribia alimwita rafiki yake mchaji Mungu, akamkabidhi watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba yake ndogo, akamuusia awasomeshe hata kama akiba hiyo itakwisha yote.

Akiba ikaisha kweli. Yule rafiki naye alikuwa fukara, hakuwa na cha kuwapa, basi akawashauri waingie katika madrasa ambako mwanafunzi hupewa chakula. Wakaingia. Ghazali mwenyewe alikiri baadaye, alipokuwa mtu mkubwa, kwamba wao waliingia katika ilimu kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa Mungu, lakini ilimu yenyewe ilikataa kuwa kwa ajili ya mwengine asiyekuwa Yeye. Twaomba msomaji alishike neno hili, kwani ndilo ufunguo wa maisha yake yote. Mtoto aliyeanza kusoma kwa kutafuta mkate hapana budi siku moja ajiulize kama bado asoma kwa ajili ya mkate.

Imepokewa pia kwamba katika ujana wake alikwenda kusoma Jurjan, na aliporudi wanyang'anyi waliuvamia msafara wao. Wakachukua kila kitu, na ndani yake mlikuwa na mfuko wa madaftari aliyoyaandika kwa walimu wake. Kijana akamfuata mkubwa wa wanyang'anyi akimsihi amrejeshee madaftari tu, kwani hayana faida kwao na yeye ndiyo ilimu yake. Yule mnyang'anyi akacheka, akamuuliza vipi atajidai kuwa na ilimu ambayo mwizi akiichukua yeye hubaki hana kitu. Kisha akamrejeshea. Ghazali aliliona neno lile ni onyo kutoka kwa Mungu, akakaa miaka mitatu akihifadhi moyoni yote aliyoyaandika. Alijifunza mapema kwamba kinachoweza kuporwa si mali ya mtu kwa hakika, bali ni amana iliyo mkononi mwake.

Kisha alikwenda Nishapur akasoma kwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii katika zama zile, Imamul Haramain Al-Juwaini, akawapita wenzake wote. Mwalimu wake alipokufa mwaka 478 Hijria, yaani mwaka 1085, Ghazali alikwenda katika kambi ya Nizamul Mulk, waziri mkubwa wa masultani wa Kiseljuki. Waziri huyu alikuwa mtu wa ilimu, naye ndiye aliyejenga madrasa zilizoitwa kwa jina lake, Nizamiya, na iliyo mashuhuri kabisa ilikuwa ya Baghdadi. Katika majlisi ya waziri wanavyuoni walishindana kwa hoja, na Ghazali akawashinda. Mwaka 484 Hijria, sawa na 1091, akapelekwa Baghdadi kuwa mwalimu mkuu wa Nizamiya, na umri wake haujatimia miaka thelathini na tano.

Hapo dunia ikamfungulia milango yake. Wanafunzi mia tatu walikaa mbele yake. Mawaziri na maamiri walimheshimu, na makhalifa walitaka rai yake. Mwanahistoria Ibnul Jauzi amepokea kwamba siku Ghazali alipoingia Baghdadi watu waliyathamini mavazi yake na kipando chake wakaona ni dinari mia tano za dhahabu. Na aliyemjua tangu zamani, Abdul Ghafir Al-Farisi wa Nishapur, ameeleza bila ya kuficha kwamba katika siku zile Ghazali alikuwa na kiburi, akiwatazama watu kwa dharau, akijivunia akili yake na ufasaha wake na cheo chake.

Basi tusimame hapa kidogo, ndugu zetu. Kama furaha hupatikana kwa mali na jaha, ni nani aliyestahiki kuwa na furaha kuliko mtu huyu? Mwana wa msokota sufi amekuwa mtu wa dinari mia tano. Tena hakuzipata kwa wizi wala kwa riba, alizipata kwa kufundisha dini. Lakini yeye mwenyewe ametueleza katika kitabu chake Al-Munkidh yaliyokuwa moyoni mwake, nayo hayakuwa furaha.

Jambo la kwanza lililomtikisa mji wote ni kwamba mwaka 485 Hijria, mwezi wa Ramadhani, Nizamul Mulk aliuawa kwa kisu, na baada ya mwezi mmoja tu Sultani Malik Shah naye akafa. Wana wa Sultani wakaanza kupigania ufalme. Wale waliokuwa nguzo za dola wakawa khabari za kusimuliwa.

La pili lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa lilitoka ndani. Ghazali aliitazama kazi yake ya kufundisha, iliyokuwa ndiyo bora ya matendo yake, akajiuliza nia yake ni nini. Akaona kwamba hakuwa akiifanya kwa ajili ya Mungu, bali alichokitafuta ni jina na sauti kuenea kwa watu. Akajiona amesimama ukingoni mwa genge lililokuwa likimomonyoka. Alikuwa akiazimia kuondoka siku moja na akilivunja azimio siku ya pili, asubuhi moyo wake hutaka akhera, na jioni jeshi la matamanio humrudisha nyuma. Alikaa katika hali hiyo karibu miezi sita, tangu mwezi wa Rajabu mwaka 488 Hijria, yaani Julai mwaka 1095.

Kisha mwili nao ukashindwa. Ulimi wake ukafungika, akawa hawezi kutamka neno mbele ya wanafunzi wake. Chakula kikawa hakishuki na nguvu zikamwisha. Matabibu wakasema kwamba ugonjwa umeanza moyoni na kutoka hapo umeingia mwilini, wala hauna dawa ila moyo upumzike na hilo linaloutaabisha. Mtu mwenye kila kitu hakuweza kumeza mchuzi! Hapo alimkimbilia Mwenyezi Mungu kama akimbiliavyo mtu aliyedhikika asiye na hila, na Mungu akamsahilishia kuyaacha yote, mali na jaha na wana na masahibu.

Lakini namna alivyoyaacha ndiyo itupasayo kuitazama vizuri. Hakuitupa mali yake njiani wala hakuwaacha watoto wake wakiomba. Aliigawa mali aliyokuwa nayo, akabakisha kiasi cha haja yake na chakula cha watoto wake. Tena alieleza kwamba mali ya Iraki ilikuwa wakfu kwa maslahi ya Waislamu, na kwamba hakuona katika ulimwengu mali iliyo bora zaidi kwa mwanachuoni kuwachukulia watoto wake. Yaani hata katika saa ile ya moto wa moyo aliuliza kwanza swali la fikihi: ni ipi iliyo halali, na ni kadiri gani inayotosha? Kisha akatangaza kwamba akwenda Makka, na moyoni alikusudia Sham, kwa kukhofu Khalifa na rafiki zake wasimzuie. Akatoka Baghdadi katika mwezi wa Dhulkaada mwaka ule ule.

Watu walisema mengi. Baadhi yao, hata katika waandishi wa siku hizi, wamedhani kwamba aliondoka kwa kukhofu watawala au wale waliomuua waziri. Ghazali ametaja kwamba waliokuwa karibu na watawala waliona jinsi walivyomng'ang'ania abaki na jinsi yeye alivyowakataa. Na wanavyuoni wa Iraki, asema, hakuna katika wao aliyeweza kufikiri kwamba sababu ni dini, kwa kuwa wao walidhani cheo kile ndicho kilele cha dini.

Alikaa Sham karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti wa Damaski na kujifungia mlango mchana kutwa. Kisha alikwenda Baitul Mukaddas, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim katika mji wa Khalil, na huko mwaka 489 Hijria akaweka ahadi tatu na Mungu wake: kwamba hataingia kwa sultani yeyote, wala hatapokea mali ya sultani, wala hatabishana na mtu kwa ajili ya kushinda. Kisha akahiji. Aliporudi Baghdadi kwa muda mfupi, watu wale wale waliyathamini mavazi yake, wakayaona ni kirati kumi na tano, nazo hazifiki dinari moja. Mwisho watoto wake walimwita, akarudi kwao Tus.

Katika miaka ile ndipo alipotunga kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumid Din, chenye vitabu arobaini ndani yake. Kwa Kiajemi aliwaandikia watu wa kawaida kitabu alichokiita Kimiya ya Saada. Kimiya ni ile ilimu ambayo watu wa zamani walidhani yaweza kuigeuza shaba kuwa dhahabu. Ghazali alitaka kuwaonyesha kwamba kuna kimiya iliyo bora, nayo ni kuugeuza moyo wa mwanadamu utoke katika unyama ufikie kumjua Mola wake, na hiyo ndiyo saada, yaani furaha isiyokatika.

Basi alisema nini juu ya mali? Hakusema kwamba ni mbaya. Aliifananisha na nyoka, aliye na sumu na aliye pia na dawa. Aijuaye akamshika ataitoa dawa, na mjinga akimshika atauawa. Dawa yake ni kwamba kwa mali mtu hula na kuvaa apate nguvu ya ibada, huhiji, hutoa sadaka, huikinga heshima yake, na hujenga misikiti, madaraja na nyumba za wagonjwa zitakazodumu baada yake. Sumu yake ni tatu. Humrahisishia mtu maasi ambayo fukara hayawezi. Humzoeza anasa mpaka asiweze kuishi bila ya hizo, na ile halali isipotosha huitafuta ya shaka. Na ya tatu ambayo ni wachache mno wasalimikao nayo, humshughulisha moyo kwa kuhesabu na kugombana na kukhofu wezi, hata asibakiwe na nafasi ya kumkumbuka Mungu.

Juu ya sarafu zenyewe alisema maneno ya ajabu kwa zama zake. Mwenye zafarani ahitaji ngamia, na mwenye ngamia ahitaji zafarani. Watajuaje zafarani ngapi ni sawa na ngamia mmoja? Kwa hivyo Mungu aliumba dhahabu na fedha ziwe hakimu baina ya vitu. Zenyewe hazitakiwi kwa nafsi yake. Ni kama kioo kisichokuwa na rangi, nacho chaonyesha kila rangi, na kama harufi katika nahau, isiyo na maana peke yake ila hudhihirisha maana katika nyengine. Basi azikusanyaye na kuzificha ni kama aliyemfunga hakimu wa Waislamu gerezani, na afanyaye biashara ya riba ndani yake amezigeuza zikawa makusudio, nazo ziliumbwa kuwa njia.

Na kwa watu wa pwani kama sisi hapana mfano wa kutufahamikia zaidi kuliko ule wa chombo. Wasafiri walikuwa baharini, nahodha akatia nanga kisiwani ili watu wateremke kwenda haja zao, akawaonya wasikawie. Wako waliokwenda wakarudi upesi, wakapata mahali pa nafasi. Wako waliosimama kutazama maua na kusikiliza ndege, na waliporudi walipata mahali pembamba. Wako waliookota vijiwe na makombe na maua, wakarudi chomboni hamna pa kuweka mizigo, wakaichukua shingoni, na maua yakanyauka yakanuka, na kuyatupa wakaona haya. Na wako walioingia mwituni, wasimsikie nahodha hata chombo kiking'oa nanga. Hao wakaliwa na wanyama au wakafa kwa njaa. Kisiwa hakikuwa kibaya, wala haja haikuwa haramu. Walioangamia ni wale waliosahau kwamba wao ni wasafiri.

Mfano wake mwengine ni wa haji na ngamia wake. Ni wajibu amlishe na kumnywesha, kwani bila ya ngamia hafiki Makka. Lakini akikaa kumsugua na kumpamba na kumchagulia majani, msafara utamwacha jangwani, na simba watamla yeye na ngamia wake. Mwili ndio ngamia, na mali ndiyo majani.

Baada ya miaka kumi na moja ya kujitenga, mwaka 499 Hijria, waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nizamul Mulk, alimsisitizia arudi kufundisha Nishapur. Ghazali alijitazama tena, akaona kwamba sasa kujifungia kwake kwaweza kuwa ni uvivu na kupenda raha. Akarudi. Lakini alieleza kwamba kurudi huko si kurudi kule kwa zamani, kwa sababu zamani alifundisha ilimu ambayo kwayo jaha hupatikana, na sasa afundisha ilimu ambayo kwayo jaha huachwa. Kazi ni ile ile, nia imegeuka. Miezi michache baadaye Fakhrul Mulk naye aliuawa kama baba yake, na haukupita muda mrefu Ghazali akarudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi. Alipoitwa tena kukikalia kiti cha Nizamiya ya Baghdadi alikataa, akakumbusha ahadi zake. Abdul Ghafir, yule aliyekijua kiburi chake, alimzuru mara nyingi akidhani unyenyekevu ule ni wa kujionyesha, akakuta ni kweli. Naye ameshuhudia kwamba Ghazali aliletewa mali asiipokee, akatosheka na kipato kidogo cha urithi na cha juhudi yake kilichowatosha watu wa nyumba yake. Katika siku zake za mwisho alishughulika kusoma Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Alikufa Jumatatu tarehe 14 Jumadal Akhira mwaka 505 Hijria, yaani Disemba mwaka 1111, akaacha mabinti tu.

Wala hatusemi kwamba kila alichokiandika ni sahihi. Ndani ya Ihya mna hadithi dhaifu nyingi, na Hafidh Al-Iraki, aliyekufa mwaka 806 Hijria, amezichambua moja moja. Aisomaye Ihya na aisome pamoja na uchambuzi huo. Mna pia maneno ya baadhi ya watu wa zuhudi yaliyopita kiasi. Nasi hatumwiti mtu auze duka lake akajifungie mnarani. Lakini Imam huyu si mgeni kwetu. Vitabu vyake vya fikihi, Al-Wasit na Al-Wajiz, ndivyo walivyovisherehesha na kuvifupisha maimamu kama Rafii, na Nawawi akajenga juu ya kazi ya Rafii, na Minhaj ya Nawawi wanavyuoni wa pwani yetu wameisoma na kuisomesha. Itakuwa aibu tuchukue kwake hukumu za kuuza na kununua, tusichukue kwake swali la nia.

Swali hilo latuhusu sote. Mfanyabiashara na ajiulize kama mizani yake ni ya haki na kama aibu ya bidhaa yake ameitaja. Mzazi akopaye ili arusi ya mwanawe isemwe mjini na ajiulize kama amenunua furaha au amenunua maua ya kile kisiwa, yatakayonyauka shingoni mwake pamoja na deni. Na mwenye ilimu na ajiulize kama fatwa yake ingekuwa ile ile lau muulizaji angalikuwa fukara.

Juu ya wenye ilimu tuna neno jengine kwa matajiri wetu na kwa kamati za misikiti. Ghazali hakukimbia mshahara. Alikimbia kuuza dini. Alijua kwamba mwalimu ana watoto, ndiyo maana akaitafutia hukumu ile mali ya wakfu. Mwalimu wa chuo asiyepewa cha kumtosha hulazimika kusimama mlangoni kwa tajiri, na asimamaye mlangoni kwa tajiri hawezi kumkataza tajiri riba. Basi tukiwataka walimu wasemao haki, tuwape riziki yao kwa heshima kutoka katika mali ya Waislamu wote, ili pasiwe na mtu mmoja anayewamiliki. Hiyo ni mali iliyotolewa dawa yake ikaachwa sumu yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aiweke dunia mikononi mwetu wala asiiweke nyoyoni mwetu, atupe ya halali ituteshelezayo, na atusikilizishe wito wa nahodha kabla ya chombo kung'oa nanga. Amin.